Gari Ndani ya Karai

Ukichana mfuko mdogo wa plastiki wenye skrubu mpya, hutoka harufu inayodumu kwa pumzi moja au mbili tu: mafuta mepesi ya mashine, karatasi ngumu, na kitu kinachokaribia nta. Kazi yangu ni kutengeneza mizani za wanunuzi wa mahindi na maharage hapa Sumbawanga, kwa hiyo mifuko ya namna hiyo naichana mara kwa mara, na kila mara vidole vyangu hutaka kukimbia kabla ya macho. Nimejizoeza kuweka mfuko mezani, kukunja mikono, kusubiri, ndipo nianze. Hata leo kusubiri huko hakujawa kwepesi.

Harufu hiyo niliijua kwanza kwenye meza ya baba. Baba alikuwa fundi magari katika karakana ya kampuni ya umma ya usafirishaji, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa kiangazi hauna kitu cha kuuzuia na mafundi hufunga vitambaa masikioni. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi chini ya Mzungu mmoja mrefu aliyeletwa kuwafundisha. Mzungu huyo alipomaliza muda wake alitaka kumwachia baba zawadi, akamlipia gazeti la aina ya pekee. Kila mwezi lingekuja kwa posta likiwa limefungiwa vipande vichache vya gari, na ndani yake picha za kuonyesha kipi kinaungana na kipi. Mwenye subira angefika mwisho akiwa na gari dogo kamili, lenye injini, giaboksi, usukani unaogeuza magurudumu na milango inayofunguka. Lilikuwa gari jekundu la wazi, la watu wawili. Likikamilika, lingelingana na mkono wa baba kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole.

Mama hakulipenda gari hilo tangu siku ya kwanza. Zilikuwa nyakati ambazo majirani walianza kuleta nyumbani vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: bati mpya, redio za kaseti, makoti ya mitumba yaliyotufaa sana kwa baridi ya Ufipa. Baba yeye alirudi kutoka posta na kifurushi kidogo kwapani.

"Leo wamekutumia nini?" mama aliuliza.

"Usukani."

Mama aliushika kwa vidole viwili, akauinua mwangani. "Wenzako wanaleta bati, Baba Skola. Wewe unaleta usukani wa panya."

"Panya naye anahitaji kufika," baba alisema, akauchukua taratibu.

Skola ndilo jina langu la nyumbani. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na wa kike, na nilikuwa nimeanza shule juzijuzi. Nilikuwa mtoto asiyetulia kwenye kiti. Nilitafuna kola ya gauni mpaka ikafumuka, na walimu walilalamika kwamba nauliza swali la pili kabla ya kujibiwa la kwanza. Mtu wa namna hiyo hapaswi kuishi nyumba moja na gari linalokuja kwa mwezi. Na mwezi wenyewe haukuaminika. Mara nyingine posta haikuwa na kitu, tukakaa hivyo mpaka nikadhani tumesahauliwa, kisha vikaja vifurushi viwili pamoja, kimoja kimechanika pembeni.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Kifurushi hakikufunguliwa siku kilipofika. Kilikaa juu ya kabati hadi Jumapili, baada ya misa na chai, nami nilizunguka kabati hilo kama kuku aliyefungiwa nje. Jumapili tulinawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Baba alitandika gazeti kuukuu, akaweka sahani ya bati kwa ajili ya skrubu, akapanga vipande kutoka kushoto kwenda kulia. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Baba alisema hayahitajiki. Picha zinatosha kwa mtu anayeziangalia mpaka mwisho. Kabla ya kukaza kitu chochote aliniuliza.

"Hiki kinagusana na nini?"

"Na hiki."

"Na kingine?"

"Baba, tukaze tu."

"Na kingine?"

Nikatazama tena, nikaona kwamba kweli kipo kingine. Hapo ndipo alipokaza, na mara nyingi tulimaliza kipande kimoja tu kwa mchana mzima. Nilitaka kulia.

Siku za shule ya asubuhi nilimpelekea baba chakula karakana: ugali wa ulezi, maharage, na wiki ya bahati mgebuka mkavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kipili. Nilipaingia pale kama nyumbani. Nyuma ya shimo la kukagulia malori kulikuwa na gari dogo la aliyewahi kuwa meneja, ambalo zamani lilikuwa jekundu na sasa lilikuwa na rangi ya matofali. Lilisimama juu ya mawe. Kila nilipokwenda lilikuwa limepungua. Wiki moja halikuwa na milango. Nyingine halikuwa na viti. Mara taa, mara rejeta, mpaka siku moja boneti ilikuwa wazi na ndani mlikuwa na shimo lenye majani makavu yaliyoletwa na upepo. Leo naelewa kilichokuwa kikitokea. Vipuri vilikuwa havinunuliwi tena, na mafundi walikuwa wakila gari moja ili mengine yatembee. Hakuna mtu aliyemweleza mtoto.

Siku moja nilimkuta Oswadi, fundi umeme, kijana mcheshi aliyeniita mchumba, akifunga kitu kizito ndani ya katoni kwa kamba ya katani. Kilikuwa dinamo ya lile gari.

"Shikamoo. Inakwenda wapi?"

"Marahaba, mchumba. Inakwenda safari. Inapanda basi la Mbeya."

"Itarudi?"

"Itarudi, labda ikiwa nyembamba. Safari inachosha."

Ilikuwa inapelekwa kusukwa upya nyaya zake za ndani. Lakini nilirudi nyumbani na maneno hayo ya kurudi ikiwa nyembamba kichwani, na siku chache baadaye kilifika kifurushi, na Jumapili, kati ya vile vipande, baba alinyanyua kitu chenye umbo lilelile, kisichozidi punje ya njugu, akasema, "Dinamo."

Niruhusiwe kueleza hesabu zangu, kwa sababu hazikuwa za kijinga kwa mtu aliyezaliwa hapa. Bibi, mama yake baba, alikaa nasi, na kila mwisho wa mvua alianika. Aliokota majani ya maharage na ya maboga, akayachemsha kidogo, akayatandaza kwenye ungo juu ya paa la jiko. Kapu zima liligeuka ngumi moja. Uyoga wa kujaza beseni uliingia kwenye kikopo. Migebuka iliyotoka ziwani mizito na inayong'aa ilitufikia huku juu imejikunja kama vijiti. Kwa hiyo nilijua sheria: kitu kikisafirishwa mbali, au kikitakiwa kukaa muda mrefu, hukaushwa kwanza kikawa kidogo. Na nilijua nusu ya pili ya sheria. Kiangazi Bibi alimimina maji ya moto kwenye bakuli, akatia magadi kidogo, akatumbukiza ngumi ile ya majani. "Yakinywa maji yanarudi," alisema. Na kweli yalirudi, yakajaza chungu.

Nilitaka uhakika, nikamuuliza baba mezani kwake.

"Hili lilikuwa kubwa?"

"Lilikuwa kubwa. Hili ni moja kwa nane. Urefu wa hili ukiuweka mara nane, unapata lile lenyewe."

"Wakalipunguza?"

"Wakalipunguza. Kila kitu sawasawa, hata skrubu."

Baba hakuwahi kunidanganya kuhusu kipimo, na hapo pia hakudanganya. Mimi nikaamini nimethibitishiwa. Gari la meneja lilikuwa likipelekwa vipande vipande kwa yule Mzungu mrefu, kwao lilikaushwa, kisha likarudishwa kwetu kwa posta. Kilichobaki ni kulikamilisha na kuliloweka. Sikuona haja ya kumwambia mtu, kwani nilidhani kila mtu anajua.

Pengine ningesubiri kwa furaha, kama nisingesikia mazungumzo ya jikoni. Ilikuwa jioni ya upepo, baba na mama wamekaa kwenye moto, mimi nachambua maharage mlangoni.

"Wamesema rasmi," baba alisema. "Karakana inafungwa. Anakuja mtu binafsi kuchukua majengo, lakini mafundi hawatachukuliwa wote."

"Na wewe?"

"Nitakwenda Tunduma. Pale mpakani magari yanaingia kila siku, kuna gereji kila kona. Nikishapata mahali nitawaita, au nitakuwa nakuja."

Mama alisukuma kuni. "Ungekuwa na gari lako usingekwenda popote. Ungepakia watu wa Kipili, ungepakia mchele wa Mtowisa, ungelala hapa. Mwenye gari hafuati mtu."

"Gari ninalo," baba alisema, akaelekeza kidevu kwenye chumba kilichokuwa na meza.

Mama hakucheka. Mimi nilishusha ungo wa maharage nikiwa nimeelewa kila kitu. Baba angeondoka kwa kukosa gari, na gari lilikuwa mle ndani, lina upungufu wa vipande vichache tu.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha hata kidogo. Nilikwenda posta kila nilipotoka shule, nikasimama kwenye dirisha mpaka karani akanifukuza kwa jina. Nilimsumbua baba tufungue kifurushi siku za kazi. Alikataa, akanyoosha gazeti lake kuukuu, akauliza kinagusana na nini. Usiku niliota magurudumu. Mchana karakana ilizidi kunyamaza. Oswadi alikuwa ameondoka bila kuniaga, na gari la meneja lilibaki chuma kitupu ambamo mbuzi walikwenda kujikinga jua. Niliona hiyo ni dalili nzuri, kwamba karibu lote limeshafika kwetu.

Kifurushi cha mwisho kilikuja wiki ambayo baba alikuwa amekwisha kukata tikiti ya basi la Jumatatu. Kilikuwa na kioo cha mbele na fremu yake. Kwa mara ya kwanza baba hakusubiri Jumapili. Alikikaza Jumamosi jioni bila kuniuliza swali, akalisukuma gari taratibu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, akalizuia kwa kiganja. "Haya," alisema, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akaenda kupanga nguo zake kwenye begi.

Jumapili mchana ndugu walikuja kumuaga. Walikaa sebuleni wakinywa togwa na kuzungumza juu ya Tunduma, nani alikwenda, nani hakurudi. Mimi nilikuwa uani nafanya kazi. Kwanza nilichukua uzi, nikapima urefu wa gari, nikauweka uzi huo mara nane chini, kutoka mlango wa jiko kuelekea uzio. Upana nao hivyohivyo. Nikachora mstari kwa kijiti. Banda la kuku lilikuwa ndani ya mstari, nikalivuta nje pamoja na kuku waliokuwamo, wakipiga kelele. Nilihamisha kinu, benchi na kamba ya nguo. Nililiweka karai la kufulia katikati kabisa, ili gari litakaporudi lisibomoe jiko upande mmoja wala uzio upande wa pili. Nikamimina maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya wageni, nikayapooza kidogo, nikatia magadi. Kisha nikalizamisha gari, nikachuchumaa.

Vipovu vilitoka kwenye viti. Nilivichukulia kuwa mwanzo.

Mama ndiye aliyetokea kwanza, akitafuta maji ya chai. Aliona kuku wake nje ya mahali pao, kinu kimelala, na birika tupu. Kisha akaona ndani ya karai.

"Skola." Alisema jina langu polepole, akivua kandambili. "Umelifanya nini gari la baba yako? Hivi una akili wewe?"

"Acha kwanza, Mama Skola," baba alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni.

Alikuja akachuchumaa upande wa pili wa karai. Uso wake ulibadilika alipoliona gari chini ya maji, nami nikaona alivyozuia mkono wake usiende kulitoa. Alitazama mstari niliouchora, akaufuata kwa macho kutoka jiko hadi uzio. Akatazama banda la kuku.

"Mara nane?" aliuliza.

"Mara nane. Na upana."

"Na maji ni ya moto?"

"Ya vuguvugu. Ya moto sana majani yanapondeka."

Alichovya kidole, akakinusa. "Umetia magadi."

"Kidogo. Likinywa litarudi, baba. Likirudi leo hutapanda basi."

Nyuma, mlangoni, wageni walikuwa wamejaa, na mjomba mmoja alianza kucheka. Bibi akamgusa begani kwa fimbo yake, naye akaacha. Mama alivaa kandambili zake moja baada ya nyingine.

Baba aliingia ndani. Alirudi na vernia yake, kile kipimo cha chuma cha mafundi chenye midomo miwili inayobana kitu na kukusomea unene wake. Ilikuwa imeshapangwa chini kabisa ya begi la safari, kwa hiyo ilimbidi atoe nguo zote. Aliingiza mikono majini na mikono yote ya shati, akabana boneti, akainama kusoma. Alisoma kwa umakini uleule aliosomea kila kitu.

"Bado," alisema.

"Tungoje?"

"Tuliache kidogo."

Akakaa chini, kwenye mchanga, na suruali yake ya safari. Wageni walirudi ndani mmoja mmoja. Mama alichemsha maji mengine. Jua lilishuka, upepo ukaanza kuuma, na Bibi akatuletea blanketi moja ambalo baba alinizungushia mimi. Kila mara nilipomtazama alichovya mikono, akabana, akasoma. Bado. Hakusema litakua, wala hakusema halitakua. Nilikuwa nikitikisa miguu kwa kukosa subira, yeye alikuwa ametulia kabisa, mpaka nikaanza kuhofu utulivu wake. Mara ya mwisho ninayokumbuka vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, vyeupe nchani.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na basi lilikuwa limeondoka. Nilikimbia uani. Karai lilikuwa tupu, limefunikwa. Juu ya paa la jiko, kwenye ungo wa Bibi, kulikuwa na gari likiwa limefunguliwa lote: boneti, milango, viti, giaboksi, springi, skrubu zilizopakwa mafuta, vyote vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia kwenye kitambaa kikavu. Pembeni ilikuwako bisibisi ndogo ya baba, ile isiyozidi njiti ya kiberiti.

Nililia kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kabla. Niliona amelifanyia lile walilolifanyia gari la meneja. Amelivunja ili apate kuondoka. Kwa siku nyingi sikugusa ungo ule, na mama hakunilazimisha. Aliuingiza ndani jioni na kuutoa asubuhi, pamoja na majani ya Bibi. Mimi nilizunguka nyumba, nikapigana shuleni, nikakataa kula mgebuka.

Mvua za kwanza ndizo zilizonisukuma. Vitu vyote vilivyokuwa paani viliingizwa ndani, ungo ukawekwa mezani kwa baba, nami sikuweza kukaa chumba kimoja na vipande vilivyopangwa bila kuvigusa. Nilichukua springi. Upande wa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki, haikuwa na kutu hata doa. Nikachukua nyingine. Nikaangalia shimo la kila skrubu. Ndipo, nikiwa na springi ile kidoleni, nilipoelewa kwamba kitu kilicholowa hadi ndani hakikauki kwa kufutwa nje, na kwamba mtu aliyefanya hivi hakulala. Nikatandika gazeti kuukuu, nikatafuta sahani ya bati. Kinagusana na nini. Na kingine. Nilikosea mara nyingi, nikafungua, nikaanza tena, na mahali fulani katika kazi hiyo, siwezi kusema ni siku gani, nilijua pia kwamba hakuna maji ya kulirudisha. Sikumbuki kuhuzunika. Nilikuwa na haraka ya kujua giaboksi inakaa upande gani.

Baba alikuja Noeli. Alikuwa amekonda, ana harufu ya gereji ngeni, na kwenye begi lake kulikuwa na kanga ya mama na sukari. Alimwamkia Bibi, akanywa maji, akauliza gari liko wapi. Nililileta kwa mikono miwili. Alifungua mlango mmoja, akageuza usukani, akabonyeza nyuma kuona kama springi zinarudi. Alikaa muda mrefu kwenye boneti, ambayo nilikuwa nimeikaza imepinda kidogo, na hakuigusa.

Kisha akatoa vernia. Akaibana pale alipoibana siku ile, akasogea kwenye mwanga wa mlango, akasoma. Aliponyanyua uso alinitazama mimi, si gari, na nikaona kwamba anauliza.

"Bado," alisema.

Nilijua. Naye aliona kwamba najua.

"Tuliache kidogo," nikamwambia.

Mama alikuwa ameinama kwenye moto, mgongo kwetu, akisonga ugali. Mwiko ukasimama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia, kumbe anacheka.

"Likianza kuvimba mniite," alisema bila kugeuka. "Kuku wangu wahamishwe kwanza."